Kipande cha chumbani: kilikatwa, au hakikuwepo?

*Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anaeleza kwamba marehemu mjomba wake, aliyekuwa opareta wa sinema, ameacha sanduku lenye rili mbili kubwa za filamu na kirili kimoja kidogo kisicho na kopo. Kopo moja limeandikwa kwa rangi "WATU WAZIMA TU". Mwanzo wa filamu, penye jina, haupo. Wazee wawili wa mtaani wanaikumbuka: baharia anarudi kwao baada ya miaka mingi, anakuta nyumba ya mama yake imepangishwa, na taratibu anaanza kumtamani mpangaji. Mzee mmoja anaapa palikuwa na kipande kirefu cha chumbani. Mwenzake anasema taa ilizimwa, basi. Msomaji anauliza nani mkweli, kama anaweza kuiendesha filamu kwenye projekta ya mjomba, na kama anaweza kuiingiza kwenye kompyuta aionyeshe mtaani. Filamu ina upana wa milimita 16, na rili moja inanuka siki.*

Pole kwa msiba, na heri hukulichoma lile sanduku. Projekta ya mjomba iache ilivyo. Harufu ya siki ni asidi inayotoka kwenye plastiki yenyewe ya filamu, asetati, ambayo inaoza. Ikioza husinyaa na kujikunja. Makucha ya projekta yamepangwa kwa umbali wa matundu ya filamu mpya. Yakikuta matundu yaliyosogeleana, huyachana moja baada ya jingine, fremu (picha moja moja za mkanda) 24 kwa sekunde. Ukiionja kwa dakika moja tu umeshahatarisha mita 11 za mkanda.

Kabla ya yote, pima imesinyaa kiasi gani. Tumia rula ndefu ya chuma, si tepu ya fundi cherehani, maana ile inavutika. Kwenye nakala ya milimita 16, kutoka tundu hadi tundu ni milimita 7.62, kwa hiyo nafasi 100 zinapaswa kuwa milimita 762. Ukipata 758, imesinyaa nusu asilimia. Ukipata 754 au pungufu, asilimia moja imeshapita na projekta ya kawaida huweza kuichana. Pima mahali patatu au pane ndani ya rili, kwa sababu mizunguko ya nje husinyaa kuliko ya katikati. Mashine za kunakili zisizo na meno, zinazousukuma mkanda kwa magurudumu ya mpira, huweza kupokea filamu iliyosinyaa kupita hapo, na ndiyo maana kipimo hiki lazima ukiandike kwenye barua utakayowapelekea wenye mashine.

Usiogope moto. Filamu ya hatari, ile ya nitrati inayowaka kwa kasi, ilikuwa ya milimita 35, na Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ya milimita 16 ilibuniwa mwaka 1923 ikiwa salama tangu mwanzo. Pembeni mwa mkanda utaona neno SAFETY. Ukikuta chini ya sanduku kipande kipana, cha milimita 35, kikuukuu na chenye kunata au unga wa kahawia, hapo simama, kitoe nje mbali na jua na jiko, na usikiguse tena mpaka aje mwenye kuijua kazi hiyo.

Rili inayonuka itenge na mwenzake leo hii, kwa sababu mvuke wa asidi unaharakisha kuoza kwa filamu ya jirani. Kopo la bati lenye kutu litupe (piga picha maandishi yake kwanza, yote, hata namba zilizokwaruzwa kwa msumari). Weka mkanda kwenye kopo la plastiki ya polipropilini lenye matundu ya hewa, ukilaza rili, si kuisimamisha. Fungua madirisha unapofanya kazi. Asidi hiyo inachoma macho. Kama unaweza kuagiza vikaratasi vya A-D vya Image Permanence Institute ya Rochester, New York, vinavyobadilika rangi kwa asidi, weka kimoja pamoja na rili ndani ya kopo lililofungwa kwa saa 24, kisha irudishe kwenye lile lenye matundu. Kikibaki bluu, salama. Kikiwa kijani, uozo umeshashika kasi. Kikiwa manjano, usipoteze mwezi.

Hewa ya Tanga haimsaidii mtu hapa. Filamu mpya ya asetati ikiwekwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 inakisiwa kukaa takriban miaka 40 kabla asidi haijaanza kukimbia. Chumba cha Ngamiani kina joto na unyevu zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Friza inasimamisha mambo, mradi uikaushe filamu kwanza kwa siku kadhaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, uifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki ya kubana, mmoja ndani ya mwingine, hewa ikiwa imekamuliwa. Hapa, tofauti na kabatini, kopo linafungwa kabisa. Ukiitoa, iache saa 24 ndani ya mifuko yake kabla ya kufungua, la sivyo matone ya maji yataganda juu ya jelatini, ile ngozi laini inayobeba picha. Umeme ukikatika mifuko ndiyo itakayokuokoa. Lakini friza ya kuuzia barafu za ukwaju haifai, inafunguliwa kila dakika mbili.

Ukungu mweupe usiuoshe kwa maji. Kausha, kisha pangusa kwa brashi laini nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Madoa yaliyobaki yaachie maabara. Ukilazimika, kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ina maji yanayolainisha jelatini, na asetoni inayeyusha mkanda wenyewe. Petroli na thina sina haja ya kueleza.

Sasa ugomvi wa wazee, maana hapo ndipo penye utamu.

Filamu haiwezi kukuambia mzee aliona nini, ila inaweza kukuambia kama kuna mtu aliikata, na mara nyingi hata alikata urefu gani. Unahitaji vizungushio viwili vya rili vyenye mkono (angalia vitu vya mjomba, opareta hakosi), kioo cheupe chenye taa ya LED chini yake, lenzi ya kukuzia, glavu za nitrili na daftari. Zungusha polepole, shika mkanda kwenye kingo tu, na kila unapohisi kigongo kwenye vidole simama. Hicho ni kiungo. Andika ni cha ngapi, kiko mita ngapi kutoka mwanzo, kimeunganishwa kwa gundi au kwa seloteipu, picha ya kabla yake inaonyesha nini na ya baada yake nini. Piga picha kila kiungo kwa simu. Wala usikifungue, hata kama seloteipu yake imevuja gundi.

Viungo vingi vitakuwa vya bahati mbaya. Mkanda ukikatika kwenye projekta, opareta anapunguza fremu mbili, tatu, anaunganisha, onyesho linaendelea. Utavitambua: picha ile ile inaendelea pande zote mbili, mtu tu karuka kidogo. Vimejaa mwanzoni na mwishoni mwa rili, mahali panaposhikwashikwa. Visikushtue.

Kiungo cha kutilia shaka ni kile ambacho upande mmoja mlango unafungwa na upande wa pili ni asubuhi. Mkataji mwerevu hukata palepale picha zinapobadilika, na kwa macho huwezi kumshika. Sauti humwumbua. Kwenye milimita 16 yenye sauti ya mwanga, ule mstari wa mawimbi pembeni, sauti ya kila fremu imechapwa fremu 26 mbele ya picha yake, kwa sababu kichwa cha kusomea sauti kiko baada ya lango la picha. Mtu akikata nakala hii kwa mkasi, filamu ikiendeshwa picha inaruka kwanza, na sauti inaruka fremu 26 baadaye, yaani sekunde moja na ushei. Asubuhi imeshaingia, na bado unasikia sekunde moja ya muziki wa usiku, kisha unakatika ghafla katikati ya noti. Mhariri wa filamu hakati hivyo. Yeye picha na sauti huzihariri kando na kuzikutanisha maabara.

Kuna hali ya tatu, inayosahauliwa. Unaona mstari wa kiungo ndani ya picha, lakini ukucha ukipita juu yake hausikii kitu. Hicho kimepigwa chapa: mkato ulikuwa kwenye nakala mama, na nakala yako imeurithi. Kama mama ilikuwa nakala ya milimita 35 yenye sauti, pengo kati ya mruko wa picha na mruko wa sauti litakuwa kama fremu 20, si 26. Filamu ikishaingizwa kwenye kompyuta unaweza kuhesabu fremu moja moja. Ishirini, ilikatwa kabla haijafika kwa mjomba. Ishirini na sita pamoja na kigongo, ilikatwa kwenye nakala hiihii.

Urefu wa kilichoondolewa nao huenda ukapatikana. Kwenye ukingo wa mkanda tafuta namba nyeupe ndani ya weusi. Hizo zimetoka kwenye negativu iliyochapa nakala. (Herufi nyeusi kwenye ukingo angavu ni za mkanda wa nakala wenyewe, zisikuchanganye. Kwenye mikanda ya Kodak, alama ndogo za duara, mraba, pembetatu na msalaba karibu na herufi hizo huonyesha mwaka wa kutengenezwa mkanda, na hujirudia kila miaka 20, hivyo mwaka upime na ushahidi mwingine.) Hesabu kwanza namba ziko mbalimbali kwa fremu ngapi, 20 au 40. Zikiwa kila fremu 40, na kabla ya kiungo inasomeka 412, baada yake 430, basi zimeondoka fremu takriban 720: nusu dakika. Si kila nakala ina namba hizi, lakini ukizikuta zimekatiza kwenye kiungo kile cha mlango na asubuhi, mzee wa kwanza ana haki ya kununuliwa kahawa.

Pima pia urefu wa jumla bila kuzungusha yote. Chukua nusu kipenyo cha nje cha mzunguko wa filamu na nusu kipenyo cha ndani, kwa milimita. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, toa, zidisha kwa 3.14, gawa kwa unene wa mkanda, 0.15. Nje 160 na ndani 60 inakupa kama mita 460, na kwa mwendo wa mita 11 kwa dakika hiyo ni dakika 42. Rili mbili za namna hiyo ni filamu ya dakika 84, urefu wa filamu kamili. Angalia pia kona ya juu kulia mwishoni mwa rili ya kwanza: nakala nyingi zina alama mbili za duara, moja sekunde kama nane kabla ya mwisho na nyingine sekunde moja, za kumwashiria opareta abadilishe projekta. Zisipokuwepo, mwisho wa rili huenda umeliwa.

Kirili kidogo ndicho cha kukishika kwa heshima zote. Maopareta wengi hawakutupa vipande walivyoamriwa kuvitoa, kwa sababu nakala ilipaswa kurudi kwa mwenyewe ikiwa kamili. Kinaweza kuwa tangazo la sabuni. Kinaweza kuwa chumba. Linganisha ncha zake na viungo ulivyoandika daftarini: namba za ukingoni, mkwaruzo mrefu unaoendelea kutoka mkanda mmoja hadi mwingine, nusu ya fremu iliyobaki upande huu na nusu yake upande ule. Rangi isikupe hukumu. Nakala za rangi za zamani za Eastman (mkanda wa Kodak) hupoteza kwanza bluu-kijani na kugeuka nyekundu, na kipande kilichokaa nje ya kopo huweza kupauka tofauti na mwili wake. Ukikuta vinalingana, usikiunge kwa gundi. Kitanakiliwa peke yake na kurudishwa mahali pake kwenye kompyuta tu, ili atakayekuja baadaye aone nakala ilivyokutwa.

Halafu fikiria jambo moja ambalo wazee hawajalifikiria. Majumba ya sinema ya kibiashara yaliendesha milimita 35. Milimita 16 ilikuwa ya klabu, shule, misheni, magari ya sinema na mashamba makubwa yaliyotaka kuwapa wafanyakazi burudani. Filamu moja iliweza kuwa na nakala ya 35 kwa mjini na ya 16 iliyofupishwa kwa kukodishwa. Na tusisahau video: televisheni ya Tanzania Bara haikuanza hadi 1994, na miaka ya 1980 watu wengi waliziona filamu za zamani kwa kanda za VHS za kuazimana, kila moja na mikato yake. Mzee mmoja huenda aliiona ukumbini, mwenzake klabuni au sebuleni kwa mtu. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli huku sanduku lako likiwa na nakala ya tatu. Maandishi ya "watu wazima tu" nayo hayathibitishi uchi. Yalibandikwa pia kwa ulevi, kisu au mke wa mtu.

Kuhusu kuinakili, usikubali mtu akuonyeshee ukutani kisha arekodi kwa simu. Tafuta maabara yenye mashine isiyo na meno. Nyingi ziko Ulaya na Marekani, na kwenye ndege filamu ibebe mkononi bila hofu, mashine ya ukaguzi haidhuru mkanda uliokwishaoshwa. Waandikie hivi: milimita 16, matundu upande mmoja, sauti ya mwanga, kiwango cha kusinyaa, idadi ya viungo. Waombe upana wa 2K (nukta kama 2,000 kwa upana wa picha), picha ichukuliwe hadi nje ya fremu ili matundu, namba na viungo vionekane, fremu 24 kwa sekunde, viungo visifutwe na rangi isirekebishwe kwenye nakala ya kwanza. Mafaili ya DPX ya 2K, ambamo kila fremu ni faili lake, hula kama terabaiti 1.1 kwa saa, kwa hiyo dakika 84 zitafika terabaiti 1.5, ukiambiwa itatosha kwenye flashi, umepewa nakala ya kutazamia. Agiza zote mbili: kubwa ya kuhifadhi kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine, na ndogo ya kutazama. Gharama ikizidi uwezo, nakili kwanza rili inayonuka na kile kirili. Rili nzuri inaweza kungoja ndani ya friza.

Kuonyesha mtaani ni habari nyingine. Kuwa na mkanda hakukufanyi mmiliki wa filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, na bila jina la filamu huwezi kumjua mwenye haki. Kwa hiyo chukua kwa simu picha za fremu ishirini safi juu ya kioo chenye taa, hasa nyuso, mabango ya dukani na namba za magari, kisha utafute jina kabla ya kutafuta ukumbi. Onyesho la hadhara linahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Na kama kipande cha chumbani kipo na ni cha wazi, kisiingie WhatsApp hata kwa utani: kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kusambaza ponografia kupitia kompyuta, na simu ni kompyuta. Utetezi kwamba ni sanaa utakuwa unautoa ukiwa umesimama kizimbani. Walimu wa filamu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni watu wa kuwauliza namna ya onyesho la masomo lenye kibali na watazamaji wanaojulikana.

Wazee uwarekodi sasa, kabla ya maabara, kila mmoja peke yake, kwa sauti. Mtu akishaiona filamu tena, anachokikumbuka baada ya hapo ni alichokiona wiki iliyopita. Usiwaulize kuhusu chumba kwanza. Waulize waliiona wapi, walikaa upande gani, ilikuwa ya rangi au la, watu walisema lugha gani, palikuwa na mapumziko na yalikuja baada ya tukio lipi, nyumba ya mama ilikuwa na milango mingapi, nani aliwalipia. Mapumziko yakianguka palepale mlango unapofungwa, umepata sababu nyingine ya kiungo kile: huenda ni mwisho wa rili moja ya milimita 35 na mwanzo wa nyingine, na mkasi haukuhusika.